Ukiiuliza Mashine, Iambie Uko Kigoma

"Niandikie barua ya biashara ya dagaa."

Maneno sita tu, msikilizaji. Tuseme yameandikwa na mama muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, jioni, mizigo imeshafungwa, simu mkononi. Amepewa namba ya mnunuzi mpya wa Kariakoo, anataka kumwandikia, na mwanawe amemwambia siku hizi akili mnemba inaandika barua yenyewe. Anabonyeza. Kabla hajafunga kanga vizuri, barua imeshashuka: ina "Yah:", ina salamu nzito za ofisini, ina aya nne zilizonyooka. Inawasifu dagaa kwa protini na madini. Inasema wamevuliwa Ziwa Victoria. Na karibu na mwisho, kwa niaba ya mama ambaye hajaahidi lolote, inaahidi mzigo wa uhakika kila wiki, mwaka mzima.

Hilo la Ziwa Victoria mama ataliona na kucheka. La ahadi ndilo linaloweza kupita bila kuonekana, na ndilo la hatari.

Anayelijua ziwa letu, Tanganyika, anajua kwa nini. Dagaa wanavuliwa usiku, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mwanga ndio unaowavuta juu, wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikitanda, taa inakosa kazi, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Hapo hatujasema habari ya masika, dagaa wanapokosa jua vichanjani wakaanza kunuka. Wala hatujasema habari ya mwaka 2024, pale uvuvi uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapumue na kuzaliana. Miezi mitatu. Mnunuzi uliyemwandikia "kila wiki, mwaka mzima" angeshahamia kwa mwingine, na barua yako angebaki nayo kama ushahidi.

Sasa, je, mashine imemdanganya mama? Mimi nasema imefanya ilivyofundishwa. Programu hizi, kuanzia ChatGPT iliyotoka mwishoni mwa Novemba 2022 hadi zile zinazokaa ndani ya WhatsApp, zimelishwa maandishi mengi mno kuliko anayoweza kusoma binadamu yeyote, zikajifunza neno gani hufuata neno gani na sentensi ya namna gani hukaa mahali gani. Ukiziachia pengo, zinaliziba. Na zinaliziba kwa yale yaliyoandikwa na wengi. Barua za biashara zilizoandikwa kwa wingi duniani ni za watu ambao mzigo wao unatoka kiwandani, na kiwanda hakina habari ya mwezi mchanga wala mwezi mpevu. Kwa hiyo mama hakupewa barua yake. Alipewa barua ya wastani ya mtu asiye na makazi, ikabandikwa dagaa.

Ndiyo maana mazungumzo yetu ya leo, ingawa ni juu ya namna ya kuiagiza mashine, yatakuwa zaidi juu ya Kigoma. Usipoitia Kigoma ndani ya agizo lako, mashine itakujibu ya kwingine, kwa adabu na ufasaha, na wala haitakuambia kwamba imekisia.

Hebu tumsaidie mama aandike upya. Nasoma polepole, mwenye kalamu aandike:

"Mimi nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, Ziwa Tanganyika. Namwandikia mnunuzi wa Kariakoo ambaye hatujawahi kufanya kazi pamoja. Ni mtu mzima, anapenda mambo mafupi. Dagaa wangu wanakaushwa juu ya vichanja, hawagusi mchanga. Nauza kwa kilo, si kwa debe. Nataka nusu ya malipo kabla mzigo haujapanda gari, nusu ya pili ukishafika. Siwezi kuahidi kiasi cha kila wiki kwa sababu ya mbalamwezi. Nitampigia mzigo ukiwa tayari. Ninachotaka ni akubali kuchukua mzigo mdogo wa kujaribu. Barua isizidi nusu ukurasa. Neno mwalo libaki hivyohivyo. Usiongeze sifa wala ahadi ambazo sikuzitaja."

Umeona ufundi wowote hapo? Mimi sioni. Kila sentensi ni jambo ambalo mama huyo angelisema hata usingizini. Hakuna neno la siri. Nasema hivi kwa sababu yapo mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya simu, "maagizo elfu moja yatakayokutajirisha", na wengine wanayauza. Ukiyafungua, nusu yake yanaanza na "wewe ni mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka thelathini". Kuiambia mashine kwamba ni mtaalamu kunaweza kubadilisha sauti yake kidogo, ikajibu kwa kujiamini zaidi. Lakini hakuiongezei hata chembe ya habari ya vichanja vya Kibirizi. Fedha yako nunua bando.

Katika agizo la mama, sentensi ninazozipenda kuliko zote ni mbili. Ya kwanza ni ile ya "hatujawahi kufanya kazi pamoja". Kumwandikia usiyemjua ni tofauti na kumwandikia shemeji. Hiyo sentensi moja inapanga salamu, inapanga urefu, inapanga hata mahali pa kutaja fedha. Watu wengi hueleza wanataka nini wakasahau kusema wanamwandikia nani. Ya pili ni ile ya mwisho: usiongeze ambayo sikuyataja. Mashine hizi zina mkono mrefu wa kuongeza. Ziwekee ukuta.

Na barua ikija, kazi haijaisha. Wengi wetu jibu lisipopendeza tunafuta kila kitu na kuanza upya, au tunakata tamaa na kusema haya mambo ni ya wazungu. Baki hapohapo, irekebishe: "Aya ya pili ndefu, ikate. Ondoa 'bidhaa bora na za kuaminika', kila muuzaji anasema hivyo. Anza na habari ya vichanja na mchanga." Mnunuzi wa dagaa wa Dar es Salaam akisikia "bora" hasikii kitu. Akisikia "hawana mchanga" anakaa sawasawa, kwa sababu anajua wateja wake wanavyolalamika wakitafuna changarawe. Hilo mashine haikulijua mpaka mama alipoiambia, na mama hakujua kwamba analijua mpaka alipoiona barua isiyokuwa nalo.

Hapo pana ugumu wa kweli. Tunayoyajua sana ndiyo tunayosahau kuyasema. Kwa hiyo kuna agizo moja ambalo mimi nalipendekeza kwa kila mtu, mwenye elimu na asiye nayo: "Kabla hujaandika chochote, niulize maswali unayohitaji kuyajua, moja baada ya jingine." Basi. Mashine ina tabia ya mgeni aliyeshuka treni jana akatumwa sokoni Mwanga: anaona haya kuuliza, ataleta chochote. Ukimpa ruhusa ya kuuliza, anauliza. Mengine yatakuwa maswali ya kipuuzi, yaruke. Lakini litakuja moja kama "Je, unaweza kuhakikisha mzigo kila wiki?", na hapo ndipo mama atakaposema, ah, kumbe hilo sijaliweka.

Nimetaja kuuliza, na mkoa wetu una kisa maarufu cha mtu aliyeuliza vizuri, ingawa watu wanakumbuka swali lake lisilo na maana.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald alikuwa safarini kutoka Bagamoyo, akimtafuta David Livingstone. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipokuwa pande za mto Malagarasi alikutana na msafara wa Waguha waliokuwa wakitoka huku ziwani. Wakamwambia Mzungu mmoja amefika Ujiji. Sasa mfikirie yeye: ametembea miezi, ameugua homa, watu wamemtoroka, na jina la Livingstone liko kwenye ncha ya ulimi. Jambo rahisi lilikuwa kusema, "Ni Livingstone, sivyo?" Na wale watu, mbele ya mgeni mwenye bunduki, wangeitika ndiyo, yaishe, waendelee na safari. Hakusema hivyo. Aliuliza amevaaje. Ni kijana au mzee? Ametoka wapi? Bado yuko Ujiji? Wakajibu kwamba ni mzee, ana nywele nyeupe usoni, anaumwa, ametoka mbali ng'ambo ya ziwa, nchi ya Manyema. Jina hakulitaja yeye, wala hawakulitaja wao, na tayari alikuwa ameshapata jibu.

Siku chache baadaye akafika Ujiji, pale penye makumbusho leo, na dunia nzima inalikariri lile swali lake la chini ya mwembe, la kumtaja Daktari Livingstone kwa jina na kusema anadhani ndiye. Swali ambalo jibu alikuwa nalo mfukoni! Wako hata wanahistoria wanaotilia shaka kama alilitamka kweli, maana kurasa za siku hiyo katika shajara yake zilichanwa. Mimi nikipita Ujiji nawaza zaidi lile la Malagarasi.

Kwa nini ninalileta hapa? Kwa sababu mashine hizi zina udhaifu wa kukubaliana na muulizaji. Ukiiandikia, "Si kweli kwamba mawese yanatibu kisukari?", umeshaitia jibu mdomoni, na kuna uwezekano mkubwa ikakupa sababu tatu nzuri za kukubali. Andika hivi: "Mgonjwa wa kisukari akitumia mawese kila siku, inajulikana nini juu ya faida na madhara yake? Jambo ambalo halina ushahidi, sema halina." Jibu litakuwa jingine kabisa. Na hata hilo jingine ulipeleke kwa daktari, hospitali ya Maweni au kwenye zahanati yako, kabla ya kubadili chungu chako. Sheria ni ileile ukiuliza juu ya mgogoro wa mpaka wa shamba, mkopo, au mchumba wa bintiyo: ukishaeleza kisa kwa namna inayokupa haki, usishangae kupewa haki.

Kuna na jambo jingine, la habari za kweli. Kijana anayeongoza watalii pale bandarini akiomba maelezo juu ya Liemba, mara nyingi atapata mazuri, kwa sababu meli hiyo imeandikwa mno. Itamwambia ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika masanduku kwa bahari na reli, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Itamwambia Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya kupaka injini grisi, Waingereza wakaiibua 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Hayo ni sahihi. Lakini akiendelea kuuliza, nani alikuwa nahodha mwaka fulani, nauli ya Kasanga ilikuwa shilingi ngapi, mara nyingi mashine haitasita. Itatoa jina na itatoa bei, kwa sauti ileile iliyotolea tarehe za kweli. Au itamwambia Liemba ndiyo iliyoonekana katika filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, kosa ambalo watu wanalirudia kila siku. Liemba haimo katika filamu hiyo. Inasemwa tu kwamba kisa chake ndicho kilichomchochea mtunzi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo.

Kwa kazi ya namna hiyo, kijana wangu, usiiulize mashine inajua nini. Ipe wewe. Tafuta maelezo ya makumbusho, kijitabu, maandishi ya mtu unayemwamini, yanakili yote kwenye simu, kisha sema: "Kwa kutumia maandishi haya tu, nitengenezee maelezo ya dakika tatu kwa watalii wanaozungumza Kiingereza cha kawaida. Kama jambo halimo, sema halimo." Kupanga, kufupisha, kulainisha, kutafsiri: hapo mashine ni hodari kweli. Ifanye karani, usiifanye shahidi.

Walimu mnaoitumia kwa andalio la somo, yenu ni hayohayo. "Niandalie somo la jiografia kuhusu maziwa" italeta somo la darasa lenye wanafunzi ishirini na projekta. Sema una wanafunzi wangapi, vitabu vingapi, kipindi kina dakika ngapi, umeme upo au haupo, na kwamba ukifungua dirisha ziwa lenyewe linaonekana. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, liko hatua chache kutoka ubaoni. Itakuwa ajabu somo likianza na picha ya ziwa la Kanada.

Lugha nayo. Iandikie Kiswahili bila haya, inakielewa. Ila Kiswahili chake kina harufu ya tafsiri, kwa hiyo ipe mfano wa barua au tangazo uliloandika mwenyewe na useme, "fuata sauti hii". Kiha ni habari nyingine. Maandishi ya Kiha mtandaoni ni machache, na kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa Kirundi, ukiomba tangazo la Kiha unaweza kuletewa Kirundi kilichovaa shati la Kasulu. Mpe bibi asome kwanza. Wenye wateja Kalemie au Uvira, wanaohitaji barua ya Kifaransa, ipo njia: mashine ikishatafsiri, fungua mazungumzo mapya kabisa, weka Kifaransa kile, uiombe ikirudishe Kiswahili. Kama nusu ya malipo imegeuka kuwa punguzo la nusu, utaliona kabla mnunuzi wa ng'ambo hajalifurahia.

Yapo ambayo agizo zuri namna gani halitayapata. Upepo wa ziwani usiku wa leo, hapana; huo uliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mzee wa mwalo anayeangalia mawingu ya upande wa Kongo. Bei ya dagaa ya asubuhi hii Kibirizi au Katonga, hapana. Baadhi ya programu hizi hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, ni kweli, lakini bei ya mwalo inakaa midomoni mwa watu, haikai mtandaoni. Mashine ikikutajia bei, iulize imeitoa wapi, kisha mpigie mtu aliyesimama pale.

Na jamani, tusiitie kila kitu. Katibu wa kikundi anayetaka kuandikiwa katiba hana sababu ya kupachika daftari zima la wanachama, namba za kitambulisho cha taifa, nani anadaiwa na nani ana mgonjwa. Andika mwanachama wa kwanza, mwanachama wa pili, inatosha. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la jirani yako si lako kuligawa kwa sababu tu simu imeomba maelezo zaidi.

Juma lijalo nataka tufanye kazi pamoja. Nitumieni kwenye namba ya kituo agizo moja mlilolitumia wenyewe, na jibu mlilopewa, yote mawili kama yalivyo, bila kuyapamba. Barua ya dagaa, tangazo la msiba, andalio la somo, ombi la kazi, chochote. Nitachagua machache tuyasome hewani, tuone pengo liko wapi na tulizibe sisi. Majina ya watu na namba za simu zifuteni kwanza.